Ujira wa Siku ya Ugonjwa

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani wa Unguja, Seyyid Hamoud bin Muhammed, alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Mtumwa aliyetaka uhuru alikwenda kortini kuuomba, na bwana wake akalipwa fidia. Ni habari ya furaha. Lakini yatupasa kuuliza: mtu huru akiugua, nani amlishe?

Zamani, kwa desturi, mtumwa mgonjwa alikuwa juu ya bwana wake. Hatusemi kwamba mabwana wote waliishika desturi hiyo, wala kwamba chakula cha kifungoni ni bora kuliko uhuru. Walipokombolewa, wengine walibaki katika mashamba ya karafuu kwa mapatano, wakilima mihogo yao na kumfanyia kazi mwenye shamba siku kadhaa. Wengine walikuja mjini wakawa wachukuzi na vibarua. Kibarua alilipwa kwa siku aliyofanya kazi. Siku ya homa haikuwa na ujira. Ndiyo maana amri ya 1909 iliwaruhusu wazee na wadhaifu waliokosa riziki kwa kuachwa huru waombe fidia.

Hata hivyo tusimwonee tajiri mdogo. Bei ya karafuu hupanda na kushuka, na wenye mashamba wengi walizama katika deni, hata serikali ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia mashamba yao yasichukuliwe. Na mwenye duka mwenye mtumishi mmoja, huyo akiugua, atalipaje wawili, aliye kitandani na aliyeshika nafasi yake?

Lakini taabu ya tajiri haiondoi njaa ya mtumishi. Mwezi wa Agosti 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma, kwa kuwa vitu vilikuwa ghali baada ya vita na ujira haukutosha. Septemba mgomo ukaenea mjini.

Basi mzigo usiochukulika na mmoja hubebwa na wengi. Mwaka 1998 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ambao mwajiri na mwajiriwa huuchangia. Haba na haba hujaza kibaba. Twaona homa ya juma moja nayo yafaa kubebwa hivyo, mwenye duka asifilisike, wala mgonjwa asiamke na homa yake kwenda kazini. Wazee walisema, mgonjwa haulizwi uji. Lakini sharti pawepo wa kuununua unga.