Xala: Ndoa Kitabuni na Ndoa Filamuni

Si kawaida mwandishi kuigeuza riwaya yake mwenyewe kuwa filamu. Sembène Ousmane wa Senegal (1923–2007) alifanya hivyo. Riwaya yake fupi, Xala, ilichapishwa Paris mwaka 1973 kwa Kifaransa. Filamu yake ikatoka mwaka 1975, wahusika wakisema Kiwolof na Kifaransa.

Kisa ni kimoja. El Hadji Abdou Kader Beye, tajiri wa Dakar, anaoa mke wa tatu, msichana wa rika la Rama, binti yake mwenyewe. Usiku wa arusi anapatwa na xala, yaani uhanithi wa kurogwa. Anahangaika kwa waganga huku mali ikimponyoka. Mwishowe inabainika kwamba aliyemroga ni ombaomba ambaye ukoo wake ulidhulumiwa ardhi na tajiri huyo huyo.

Hata hivyo, ndoa haina sura moja katika kazi hizi mbili. Kitabuni twaingizwa moyoni mwa wake. Adja Awa Astou, mke mkubwa, alizaliwa Mkristo katika kisiwa cha Gorée, akaiacha dini ya baba yake kwa ajili ya mumewe. Upweke wake twausoma neno kwa neno. Filamuni twauona usoni mwake tu.

Lakini filamu nayo ina lake. Inaanza kwa Waafrika kuwatoa Wafaransa katika Chama cha Wafanyabiashara, na mara Wafaransa hao wanarudi na mikoba iliyojaa noti. Hivyo, kabla bibi arusi hajaonekana, mtazamaji amekwisha kuona posa nyingine: viongozi wameposwa, na mahari imepokelewa. Uhanithi wa bwana mmoja wawa uhanithi wa tabaka zima. Aidha, Rama anamjibu baba yake kwa Kiwolof, naye baba anashikilia Kifaransa. Katika kitabu kilichoandikwa chote kwa Kifaransa, msomaji huelezwa tofauti hiyo; filamuni aisikia kwa masikio yake.

Miisho pia yatofautiana. Ombaomba wanamtemea mate El Hadji katika zote mbili, lakini kitabu kinafunga kwa askari walioko nje wakielekeza bunduki. Filamu haiwaleti askari hao. Picha inagandia juu ya mwili uliojaa mate. Dola haikukosekana kabisa, kwani serikali ya Senegal iliikata filamu hiyo mahali kadhaa kabla ya kuonyeshwa nchini. Kitabu kiliachwa kisomwe, maana waliojua kukisoma walikuwa wachache.

Basi sisi walimu tusiwaulize wanafunzi ipi ni bora. Tuwaulize: kila kazi ilisemwa kwa lugha gani, ikamfikia nani, na nani aliiogopa? Hapo ndipo watakapotambua kwamba kuchagua lugha ni kuchagua wasikilizaji.