Mizani ya Kuihukumu Opera ya Kuchekesha Iliyonaswa Katika Santuri

Wengi wa wale wanaojitwika kazi ya kuihukumu opera iliyonaswa katika santuri huanza na sauti ya mwimbaji mmoja mmoja, wakaipima kwa urefu wa pumzi, usafi wa noti za juu na utamu wa koo, kisha wakazijumlisha sauti hizo kana kwamba hukumu ya kazi nzima ni jumla ya hukumu ndogo ndogo. Na desturi hiyo, isiyo na madhara makubwa katika opera za msiba, ambamo mwimbaji aghalabu husimama peke yake mbele ya ajali yake, huiharibu kabisa hukumu ya opera ya kuchekesha, kwa kuwa kicheko hakizaliwi katika koo la mtu mmoja bali baina ya watu wawili au zaidi, katika nukta ile ambapo mmoja amesema na mwenziwe amesikia visivyo, au amesikia vyema naye ajifanya hakusikia. Dai langu ni kwamba mizani ya insafu kwa opera ya namna hii ni mazungumzo yake, na kwamba santuri ambayo waimbaji wake hawasikilizani imeshindwa, hata kama kila mmoja wao ana sauti ya ajabu. Mfano nitakaoushika ni Le nozze di Figaro, yaani Arusi ya Figaro, kwa sababu imerekodiwa mara nyingi na kwa mikono iliyo mbalimbali sana.

Opera hiyo, ambayo Mozart aliitunga juu ya maneno ya Lorenzo Da Ponte, na ikachezwa kwa mara ya kwanza katika jumba la Burgtheater mjini Vienna tarehe 1 Mei 1786, ilitokana na tamthilia ya Mfaransa Beaumarchais, ambayo Kaisari Joseph wa Pili alikuwa ameizuia isichezwe mjini humo. Na Da Ponte, alipoyapunguza makali ya siasa yaliyokuwamo, aliuacha salama ule ujanja wa maneno ambao kwao mtumishi Figaro, mchumba wake Susanna na bibi wa nyumba, Rosina, wanayavunja matamanio ya Almaviva, bwana wa ngome. Baada ya maonyesho ya mwanzo Kaisari huyo huyo akatoa amri kwamba vipande vinavyoimbwa na zaidi ya mtu mmoja visirudiwe, maana watu walikuwa wakipiga kelele virudiwe hata mchezo ukarefuka kupita kiasi. Nami naona katika amri hiyo ushahidi ulio dhahiri kuliko maandishi ya wahakiki wengi, kwamba wasikilizaji wa kwanza walijua utamu wa kazi hii uko wapi. Michael Kelly, Mwairlandi aliyeimba nafasi mbili ndogo usiku ule wa kwanza, aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba kipande alichokipenda Mozart mwenyewe kupita vyote ni kile cha waimbaji sita katika tendo la tatu.

Lakini pahali ambapo hakimu apaswa kukaa kitako na kusikiliza kwa makini ni tamati ya tendo la pili, muziki wa takriban dakika 20 usiokatika, unaoanza na mume na mke wawili tu na kuishia na watu saba. Almaviva, akiamini kwamba kijana Cherubino amejificha katika chumba cha nguo cha mkewe, amechomoa upanga. Mlango unafunguka, naye atokea Susanna, kwa muziki wa taratibu na wa adabu kama wa dansi ya wakubwa, na wanaopigwa na butwaa ni wote wawili, mume aliyekuja kuua na mke ambaye naye hakujua kwamba kijana alikwisha ruka dirishani na kwamba Susanna ameshika mahali pake. Hapa mwimbaji wa Rosina hana noti ngumu. Ana kazi iliyo ngumu kuliko noti, nayo ni kushangaa kimya kimya huku akijifanya kwamba jambo hilo alilipanga, na msikilizaji asiyeona uso wake apaswa kuujua mshangao huo kwa namna sauti inavyochelewa kidogo kabla ya kushika maneno. Kisha yuaja mtunza bustani Antonio, amelewa, na maua yaliyovunjika mkononi. Figaro adai kwamba aliyeruka ni yeye. Almaviva amwonyesha hati ya jeshi aliyoidondosha yule kijana, amwulize ni karatasi gani. Rosina aitambua na kumnong'oneza Susanna, Susanna amnong'oneza Figaro, na Figaro ajibu swali kana kwamba jawabu ni lake tangu hapo: hati ilikosa muhuri. Mnong'ono huo wa mikono miwili ndio mtihani wangu mkubwa. Ikiwa maneno ya Rosina yanamfikia Susanna yakiwa bado na hofu ya Rosina, na yanamfikia Figaro yakiwa tayari yamegeuka kuwa ujasiri wa Susanna, santuri hiyo i hai. Na ikiwa kila mmoja aimba sehemu yake kwa usahihi kisha amwachia mwenziwe zamu, basi hapana opera pale, pana wanafunzi waliohifadhi vyema.

Kwa mizani hii rekodi ya kwanza mashuhuri, iliyofanywa mwaka 1934 na 1935 na Fritz Busch pamoja na kikundi cha Glyndebourne nchini Uingereza, inatuweka katika taabu ya kupendeza. Jumba la Glyndebourne, lililofunguliwa tarehe 28 Mei 1934 kwa opera hii hii, lilikuwa na viti 300 hivi tu, na waimbaji wake walifanya mazoezi ya pamoja kwa muda ambao majumba makubwa hayakuwapa watu wao, wala kati yao hapakuwa na mmoja wa kuwafunika wengine. Basi vipande vya pamoja vina wepesi na usikivu ambao mara chache umefikiwa tangu hapo. Walakini yale maongezi yanayoimbwa kwa kinanda, yanayobeba hadithi kutoka wimbo hadi wimbo, yaliachwa yote. Upande mmoja wa santuri za zama zile ulichukua dakika nne tu au zaidi kidogo, na kampuni iliyozitoa ni ile ile ya His Master's Voice iliyomrekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, hivyo wapenzi wa taarabu ya kale hawahitaji kufundishwa ubahili wa upande mmoja wa santuri. Busch hakuwa na hatia. Lakini tulichorithi kwake ni vilele visivyo na bonde.

Erich Kleiber alipoirekodi opera hii mjini Vienna mwezi Juni 1955, utepe wa sumaku ulikuwa umeondoa kifungo hicho, naye akautumia uhuru wake kwa ukamilifu: maongezi yote yamo, na zimo hata aria mbili za tendo la nne ambazo majumbani hukatwa, ingawa nakiri kwamba aria hizo huuchelewesha mchezo na sidhani kuwa kutimiza kila noti ni fadhila peke yake. Ina taksiri zake. Alfred Poell, aliyeimba Almaviva, ana adabu nyingi na kitisho kichache, na pasipo kitisho ujanja wa watumishi hupungukiwa na thamani. Kitaliano cha baadhi ya waimbaji kinanukia Vienna, na kasoro hiyo yadhihirika zaidi kila Cesare Siepi, Mtaliano aliyeimba Figaro, afunguapo kinywa. Lakini Hilde Gueden na Lisa della Casa, yaani Susanna na Rosina, wanasikilizana, na okestra ya Vienna Philharmonic yawasikiliza wote. Kleiber hamharakishi mtu wala hamngojei mtu, bali kila mwendo mpya waonekana kuzaliwa na neno lililotangulia. Kleiber alifariki tarehe 27 Januari 1956, siku ile ile ilipotimia miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Mozart.

Yawezekana mtu akauliza vipi tuhukumu kwa sikio mchezo ambao nusu ya vichekesho vyake ni vya macho, na swali hilo ni la haki. Katika tendo la kwanza Cherubino amejikunyata kitini, amefunikwa nguo, na Almaviva, akisimulia jinsi alivyomfuma kijana huyo siku nyingine kwa kuinua kitambaa polepole, ainua nguo ya kitini ili kuonyesha, akamkuta huyo huyo. Asiyeona angeweza kukosa yote. Lakini Mozart alikwisha kuliandikia sikio: sauti ya Almaviva yashuka hatua kwa hatua, kwa upole wa mtu anayenyata, hata msikilizaji azuie pumzi kabla ya mkono kufika. Basi mwimbaji anayeipiga sentensi hiyo kwa nguvu ili tuisifu sauti yake ameiba kicheko, na hapana picha wala kelele za mlango zitakazokirudisha. Kadhalika rekodi ya Kleiber, iliyonaswa kwa stereo ilipokuwa bado changa, humsaidia msikilizaji kujua nani yuko wapi.

Sisemi kwamba uzuri wa sauti ni kitu duni. Rekodi ya Carlo Maria Giulini ya mwaka 1959, pamoja na okestra ya Philharmonia ya London, ina Elisabeth Schwarzkopf, Anna Moffo na Fiorenza Cossotto, na kwa aria peke yake ningeiweka mbele. Na Giuseppe Taddei, Figaro wake, huyatafuna maneno kwa ladha ambayo hata Siepi hana. Lakini nafika mwisho wa tendo la nne, Almaviva apigapo magoti mbele ya watu wote kumwomba mkewe msamaha. Pale Kleiber haukokoti muziki ili tulie, na msamaha watoka kama jawabu la mke kwa mumewe, jawabu ambalo mume alikuwa hana hakika kulipata. Ndiyo maana furaha inayofuata yasadikika. Kwa sababu hiyo nampa Kleiber cheo cha kwanza, na Busch cha pili licha ya yote aliyonyimwa, kisha Giulini. Namsihi msomaji atakayezipata rekodi hizi aanze na tamati ya tendo la pili, akiwa na kitabu cha maneno mkononi, kabla hajasikiliza aria hata moja.