Ukihama Jina, Acha Njia Wazi

Wenye maduka hapa Kitale huniuliza mbona tovuti hupotea Google ikipewa jina jipya. Turudi nyuma kidogo. KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke, iliundwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi biashara zilitumia .co.ke. Mwaka 2017 jina fupi la .ke likaruhusiwa, baadhi wakahama.

Lakini tangu 1998 Google huzipima kurasa pia kwa viungo vinavyozielekea, na viungo vya zamani hubaki kwenye anwani ya zamani. Dawa ni msimbo 301: kila ukurasa wa zamani umpeleke mgeni kwenye mwenzake mpya. Google hushauri uudumishe angalau mwaka mmoja. Mimi huongeza: endelea kulilipia jina la zamani. Ukiliacha, mwingine atalisajili na kupokea wateja wako.