Kalafati (Sehemu ya Tatu)

"Hebu chuchumia," Dokta akamwambia.

Twaha akashika ukingo wa meza. Miaka 19, winga aliyekimbiza mabeki wa Nungwi nzima, na visigino vyake havikubanduka sakafuni. Nikakumbuka siku niliyomwita mvivu pale pwani, aliposhindwa kuufikia ubao wa juu ya dau. Mungu anisamehe.

Mwaka mzima tulimnywesha vidonge vya steroidi. Hospitali ya kwanza walikata kinyama cha mguu, wakaona uvimbe, wakasema kinga ya mwili inajishambulia. Uso ukamjaa, miguu ikazidi kulegea.

Dokta akafunua majibu ya jeni yaliyotoka ng'ambo. "Mzee wangu, mbao za chombo zikiachana unafanyaje?"

"Natia kalafati. Pamba na mafuta, nagongelea mpaka maji yakome."

"Na mwili hivyo hivyo. Kila tukipanda ngazi, utando wa nyuzi za misuli huchanika hapa na pale. Kalsiamu ikivuja kuingia, vifuko vidogo vilivyomo ndani ya uzi hukimbilia kwenye ufa, vikaungana nao, vikauziba. Kazi hiyo yahitaji protini iitwayo disferlini. Jeni yake iligunduliwa 1998. Mwaka 2003, watafiti wa Iowa, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba ikikosekana, vifuko hurundikana chini ya utando na ufa hubaki wazi."

"Pamba ipo, fundi hayupo."

"Ndiyo hivyo, mzee. Uzi hufa, mafuta hushika nafasi yake. Dawa ya kumrudisha fundi huyo bado hatuna. Steroidi tutaziacha, lakini kidogo kidogo." Akanyamaza. "Wewe na mama yake mna udugu?"

"Mtoto wa ami yangu."

"Kila mmoja wenu amebeba nakala moja mbovu, wala haumwi. Twaha kazipata zote mbili. Kwa kila mtoto wenu, uwezekano ni mmoja kwa nne."

Mke wangu akageukia mlango. Mwanaidi alikuwa ndiyo kwanza anaingia na chupa ya uji wa kaka yake. Mwanaidi, ambaye Ijumaa tu tulipokea posa yake kutoka kwa mtoto wa mjomba wake.

"Vua ndala, mwanangu," mama yake akasema. Sauti haikuwa yake. "Chuchumia nikuone."

Akacheka, akavua, akajinyoosha.

Kisigino cha kulia kikapanda.

Cha kushoto...

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO