Kiti mwendo cha umeme na bajaji ya mwenye ulemavu: sheria inataka nini?

Tunaulizwa mara kwa mara: mwenye ulemavu wa miguu akinunua bajaji ya kumtoa Kwashemshi hadi Korogwe mjini, naye anahitaji leseni? Ndiyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaangalia chombo na matumizi yake. Bajaji ni chombo cha moto, hivyo inasajiliwa, inawekwa namba, na anayeiendesha awe na leseni ya daraja lake. Akibeba abiria wa kulipa, anahitaji pia leseni ya usafirishaji.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka angalau ile tunayoiita bima ndogo. Hiyo humlipa uliyemgonga, haitengenezi bajaji yako. Bila bima, gharama za majeruhi zinakurudia wewe, na kwa wengi bajaji hiyo ndiyo mtaji wote.

Kuhusu marekebisho: bajaji za kawaida gia, klachi na mafuta viko mikononi, ila breki iko mguuni. Hiyo ndiyo huhamishiwa mkononi. Usikubali fundi akufungie waya wa kubahatisha. Breki isiyoshika ni kosa barabarani, na mteremko haujali una cheti gani.

Kiti mwendo cha umeme ni habari nyingine. Uingereza ilikitungia kanuni mwaka 1988: cha kilomita 6 kwa saa hupita njia ya waenda kwa miguu, cha kilomita 13 huruhusiwa barabarani na husajiliwa, lakini hakidai leseni ya udereva. Kwetu sheria ya 1973 iliandikwa kabla vifaa hivi havijazoeleka. Ushauri wetu ni kukaa pembeni mwa barabara, kuweka viakisi mwanga na kutopita barabara kuu usiku.

Kwenye ushuru kuna nafuu. Viti mwendo, vyenye mota na visivyo na mota, havitozwi ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mtaji, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Anza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.