Kampala: Jinsi ya kuuza mkusanyo wa vipuri vya magari ya zamani

KAMPALA – Stoo ya fundi mzee inapofunguliwa baada ya miaka 30 au 40, mnunuzi wa kwanza kufika mara nyingi ni wa chuma chakavu. Huja na mizani, hulipa kwa kilo, na mzigo huishia kwenye matanuru ya viwanda kama vya Jinja. Humo huenda pia vipuri ambavyo mwenye gari la zamani angevilipia kimoja kimoja. Kipuri kisichojulikana ni cha gari gani huuzwa kama chuma tu.

Soko liko wapi

Kwa spea zilizotumika, jina linalotajwa kwanza mjini Kampala ni soko la Kisekka, lililopewa jina la Dk. Samson Kisekka, Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1986 hadi 1991. Ndeeba, kwenye barabara ya Masaka, nako kuna maduka na gereji nyingi. Hata hivyo, wateja wengi wa huko hutafuta spea za magari ya kila siku. Mteja wa Land Rover Series II (1958) au Peugeot 404 (1960) ni nadra, na huenda yuko nje ya nchi.

Kenya ni mahali pa kuanzia. Maonyesho ya Concours d'Elegance yalianza Nairobi 1970, na mbio za magari ya zamani za East African Safari Classic zilianza 2003. Mbio hizo hukumbuka Safari Rally ya 1953 na kuendelea, ambayo zamani ilipita Uganda. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, mara ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala.

Sheria za umri wa magari nazo zina athari. Kenya huzuia magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, na Uganda ilipitisha sheria 2018 kuzuia yaliyofikisha miaka 15, isipokuwa aina chache. Kuagiza gari kuukuu zima ili kulikata spea ni vigumu, hivyo vilivyomo stoo vina thamani.

Kabla ya kutaja bei

- Tenga vipuri kwa aina ya gari. Nati za Land Rover za zamani ni za inchi, za Peugeot na Datsun ni za milimita. Spana huonyesha tofauti haraka.
- Safisha na uandike namba zilizogongwa kwenye kabureta, distributa, giaboksi na bloku ya injini. Usipake rangi juu ya namba.
- Piga picha ya kila kipuri pamoja na namba yake.
- Andika mkataba wa mauzo wenye majina ya pande zote mbili. Injini yenye namba iambatane na nakala ya kadi ya gari ilikotoka, kwani mnunuzi wa mali ya wizi naye hushtakiwa.

Mwenye haraka ya fedha auze kwa mafungu, kila fungu la aina moja ya gari, kizuri na kibovu pamoja. Mnunuzi wa kwanza akiruhusiwa kuchagua, huondoka na vinono, na kilichobaki hakimpati mtu.

Kuvuka mpaka

Hapa ndipo wasafirishaji wengi wanaweza kukwama. Cheti cha asili kilichorahisishwa, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zinazotokana na kanda hii. Kipuri kilichotengenezwa Ufaransa, Uingereza au Japani hakistahili, hata kama kimekaa Kampala miaka 40. Tumia wakala wa forodha, na utoe orodha yenye thamani halisi kabla lori halijafika Malaba au Busia.

Matairi yaliyotumika ya magari madogo yamepigwa marufuku kuingizwa chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Yaondoe kwenye mzigo. Yanaweza kuchelewesha vingine vyote.

Kwa mteja wa Ulaya, brekishuu na diski za klachi za zamani zisitumwe: nyingi zina asbesto, ambayo Uingereza iliipiga marufuku 1999 na Umoja wa Ulaya kufikia 2005. Mwaga mafuta yote kwenye injini, tangi na kabureta, maana mabaki ya petroli huufanya mzigo uwe wa hatari kwa ndege. Sanduku la mbao liwe na muhuri wa mbao zilizotibiwa dhidi ya wadudu.

Yakishafanyika haya, mwenye mizani aitwe mwisho, achukue vilivyopasuka na vilivyooza.