Foleni ya Kitabu Kisichoisha

Wasee, faili haiishi. Watu elfu moja wanaweza kusoma kitabu kimoja cha kidijitali saa hiyo hiyo na hakuna ukurasa utachanika. Sasa kwa nini usiku wa kuamkia CAT unafungua kitabu kwa tovuti ya maktaba ya chuo unaambiwa ngoja, kuna mtu anakitumia? Usilaumu wifi. Hiyo foleni iliundwa na watu, na iko na tarehe.

Tuanzie kabla ya foleni. Tarehe 4 Julai 1971, kijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, anaitwa Michael Hart, alikuwa amepewa nafasi ya kutumia kompyuta ya chuo, enzi hizo kompyuta ni mashine ya kujaza chumba. Akaketi akachapa Azimio la Uhuru la Marekani, kisha akawaambia waliokuwa kwenye mtandao ule kwamba liko pale, wajichukulie. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ukishachapa mara moja, nakala ya pili haigharimu kitu. Ndiyo mwanzo wa Project Gutenberg, ambayo leo iko na vitabu zaidi ya 70,000 vya bure. Vingi ni vya zamani vilivyoisha hakimiliki, kwa hivyo usitarajie kupata kile cha famakolojia humo.

Vile vya kozi vilikuja na watu wa biashara. Mwaka wa 1998 kampuni ya NetLibrary ilianzishwa Boulder, Colorado, ikawa inauzia maktaba za vyuo vitabu vya kidijitali. Wachapishaji waliogopa: chuo kikinunua nakala moja na kampasi nzima isome, nani atanunua tena? Suluhu ikawa kitabu kimoja, msomaji mmoja. Ukikifungua kinahesabiwa kimeazimwa, na wengine wote wako nje. Yaani walichukua kitu kisichoisha wakakilazimisha kiishe kama karatasi. NetLibrary ilichukuliwa na OCLC 2002, halafu ikauzwa kwa EBSCO 2010, na hilo jina la mwisho ukiingia tovuti za maktaba za vyuo vyetu utakutana nalo.

Kwetu mambo yalianza kusonga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maktaba za vyuo ziliungana 2003 zikaunda KLISC, wachange pamoja ili bei ya majarida na vitabu vya mtandaoni iwe nafuu. Mimi naona ni moja ya vitu smati maktaba zetu zimewahi kufanya, na hakuna mtu huwasifu. Shida ni kwamba intaneti ya wakati huo ilipitia setilaiti, ghali na polepole. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa 2009. Kabla ya hapo ungefungua sura moja ya PDF chai ikapoa.

Na je, ile hofu ya wachapishaji ilikuwa ya kweli? Waingereza waliijaribu. Kuanzia 2007 shirika la JISC lilinunua vitabu 36 vya kozi na kuvifungulia vyuo zaidi ya 100, bila foleni, halafu watafiti wakafuatilia nani anasoma nini. Wanafunzi waliingia, wakatafuta ukurasa wanaotaka, wakatoka haraka. Mauzo ya karatasi? Hayakuanguka vile waliogopa. Lakini foleni bado iko kwa mikataba mingi, tena inauzwa kwa ngazi: msomaji mmoja, watatu, au bila kikomo kwa bei ya juu.

Ndiyo maana chuo kikijigamba kuwa na maelfu ya vitabu mtandaoni, mimi sishtuki. Kuna namba nyingine kwa ripoti ambazo kampuni hutumia maktaba: wangapi walijaribu kufungua kitabu wakakataliwa. Hiyo ndiyo makomredi wanafaa kudai ibandikwe ukutani.

Halafu kuna hili. Februari 2025 kampuni ya Clarivate ilitangaza itaacha kuuzia maktaba vitabu vya kidijitali vya kumiliki moja kwa moja, iwe ni kulipia kila mwaka. Wakutubi walipiga kelele hadi ikasogeza tarehe mbele, haikufuta mpango. Kwa chuo ambacho mgao wa serikali hufika ukiwa umechelewa, kitabu cha kukodi ni kitabu kinaweza kupotea katikati ya muhula.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na paswadi yangu ya maktaba ikafa nayo. Mikataba husema ni wanafunzi na wafanyakazi waliosajiliwa tu. Lakini mingi iko na kifungu watu hawajui: mtu wa nje akiingia maktaba kwa miguu yake, anaruhusiwa kusoma kwa kompyuta za humo ndani. Muulize mkutubi, wengi wao ni watu poa. Askari wa getini atakuitisha kitambulisho cha mwanafunzi, na yeye hajasoma huo mkataba.